Utomvu wa Mgomba

Mchwa waliingia kwenye kibuyu cha mama chini ya kitanda, nyumbani kwetu Mugoma, wakala pesa za kahawa. Ilikuwa kahawa ya mwisho aliyoiuza baba kabla hajafariki, na mama alikuwa amezitunza pesa hizo ili anunue saruji ya kujengea kaburi la baba.

Hakulia. Alikaa uani kutwa nzima akiunganisha vipande kwa utomvu wa mgomba, kama tulivyokuwa tukigundisha madaftari utotoni. Utomvu ukikauka huwa mweusi. Nilipofika kutoka Biharamulo ninakofundisha, nilikuta noti zenye mabaka, nyingine kichwa cha hii na mkia wa ile. Hasira zikanipanda.

"Mama, hizi ni takataka tu," nikasema. Najuta hadi leo.

Benki ya wilayani walituelekeza twende Mwanza, kwenye tawi la benki kuu. Nilinung'unikia nauli njia nzima. Kwangu benki kuu ilikuwa jengo la wakubwa, la kutajwa kwenye taarifa ya habari. Sikudhani lina dirisha la mtu mwenye kibuyu.

Kumbe linalo. Dada wa dirishani alimwamkia mama, akamwaga noti zake juu ya karatasi nyeupe, akaanza kuzibandua taratibu, akitafuta namba zinazofanana.

"Gundi yako ni kiboko, mama," akasema.

Mama akacheka, mara ya kwanza tangu mchwa wale.

Noti nyingi zilikuwa zimebaki zaidi ya nusu, akabadilishiwa. Pesa za saruji zikawa zimepatikana. Lakini moja ilikuwa kipande kidogo tu.

"Hii haina thamani tena, mama. Siwezi kukubadilishia."

Mama alizisogeza kando zile mpya bila hata kuzitazama. "Basi nirudishie hiyo, mwanangu. Mzee alizihesabu mwenyewe, analamba kidole, anahesabu. Hizi mpya hajazigusa."

Yule dada akakitia kile kipande kwenye bahasha, akampa mama kwa mikono miwili. Mimi nilitazama sakafu.

Kaburi limejengwa, padri amelibariki. Kipande kimo ndani ya kitabu cha sala cha mama. Jumapili iliyopita nilimwomba anionyeshe. Alilamba kidole kwanza, ndipo akafunua ukurasa. Nikakipokea kwa mikono miwili.