Lugha ya Nyuma ya Kihenge

Shule mimi niliiona kupitia dirishani. Nilijifunza kuandika jina langu na kusoma mizani, nikaona yanatosha, nikabeba begani mzega wenye chumvi ncha moja na samaki wakavu ncha ya pili, nikaenda zangu. Nchi yote kutoka Visiga hadi Maneromango nimeisoma kwa nyayo, na hakuna mwalimu aliyewahi kunisahihisha.

Kwa hiyo nikikwambia ilivyokuwa enzi za Mwingereza, niamini. Visiga ni mgongo wa mchanga. Minazi inachoka, mihogo haichoki. Ukishuka upande wa magharibi unafika bonde la Ruvu, udongo mweusi unaomeza mguu mpaka gotini. Pale Wazaramo na Wakwere wanalima mpunga bega kwa bega, wanaoana, na bado kila mmoja anasema mwenzake ndiye mgeni. Ukienda Dutumi maneno yanabadilika, utawasikia Wakutu, na Waluguru walioshuka milimani na ndizi zao. Rudi upande wa reli, Soga, ukute mashamba ya mkonge: Wanyamwezi, Wahehe, Wangoni, Wamakonde, kila kambi na ngoma yake. Kusini ndiyo Kisarawe, vilima na misitu ambayo ukungu wake haujali kama jua limetoka. Halafu Maneromango, ambako Wandengereko walileta mikeka kutoka Rufiji, na kengele ya misheni ililia huku adhana ikijibu kijiji cha pili. Kote niliuza. Mchuuzi asiyemsalimia mtu kwa lugha ya mamaye hurudi na mzigo wake. Mimi sikurudi na mzigo.

Ndiyo sababu jambo la baba lilinishinda vibaya.

Baba yangu alikuwa Mzaramo kuliko Wazaramo wenyewe. Kwenye jando, kwenye tambiko, mtu akikosea hatua moja baba alimkemea mbele ya wakwe zake. Sasa akashikwa na homa uzeeni, dada yangu mkubwa akawa anamwuguza. Asubuhi moja dada akampelekea uji, akakuta kitanda kitupu. Baba alikuwa amejibana nyuma ya kihenge, ghala letu la kuwekea mpunga, magoti kidevuni, macho wazi, ananong'ona.

"Baba, toka huko, uji unapoa."

Akamtazama kama unavyomtazama mtu usiyemjua aliyesimama mlangoni kwako. Akanong'ona tena.

Nikaitwa. Nikachuchumaa, nikasikiliza. Yalikuwa maneno machache, yale yale, yanapanda mwishoni kama swali. Halafu kimya, sikio amelielekeza ukutani, anasubiri. Nikamjibu kwa Kizaramo. Nikamjibu kwa Kiswahili, Kikwere, Kikutu, hata Kinyamwezi changu cha kuuzia chumvi. Kila lugha niliyotoa ilimfanya ajibane zaidi. Chakula hakugusa. Maji alikubali yale tu ambayo dada alimlowesha midomoni kwa kitambaa, na midomo yenyewe ilikuwa imepasuka.

Kwetu mtu akisema lugha isiyo yake hatuumizi kichwa: amepandwa na pepo. Mganga akaja na ngoma zake. Kazi ya mganga ni kumwuliza pepo jina lake, kwao, na anachotaka. Akijibu anapewa, anaondoka. Ngoma zikapigwa. "We nani? Umetoka wapi? Unataka nini?" Baba akajiziba mdomo kwa viganja vyake mwenyewe, kwa nguvu, mpaka machozi yakamtoka. Ngoma ziliponyamaza akashusha mikono, akanong'ona vile vile.

Mganga akaanza kufungasha.

"Pepo wote ninaowajua wana kelele," akaniambia. "Huyu anajificha. Mimi simtaki."

"Anamkimbia nani?"

"Usiniulize mimi. Mtafute mwenye lugha yake, na umpate kabla mzee hajakauka."

Nikayashika yale maneno kichwani, nikaondoka bila mzega. Bondeni Ruvu nikayasema kila nyumba ya wanunuzi wangu. Mama mmoja akamziba mwanawe masikio. Dutumi nikamwendea mzee mmoja wa Kikutu. Akaniomba niyarudie, nikayarudia, akaniomba nisiyarudie tena uani kwake.

"Siyajui," akasema. "Ila niliwahi kuyasikia nikiwa mdogo. Yalipita hapa na watu waliofungwa shingoni."

"Yakaenda wapi?"

"Pwani. Yote yalikwenda pwani."

"Baba yangu ni Mzaramo," nikamwambia.

"Haya," akasema.

Kambi ya mkonge, Soga, mtani wangu wa Kinyamwezi alinipokea kwa matusi kama kawaida yetu. "Baba yako amekuchoka, Mzaramo wewe! Kaona aseme na wenye akili." Tukacheka. Nikayasema maneno, kicheko kikamkatika. Akatikisa kichwa. "Si ya kwetu, wala si ya kambi hii. Nenda Maneromango. Kule kuna wazee waliolelewa misheni, hawana ukoo. Nenda, mtani wangu, usikae."

Nilifika jua la utosi, saa ambayo hata kuku hawatembei. Nyuma ya kibanda kulikuwa na bibi mkongwe anamenya mihogo. Nilikuwa nikimwuzia chumvi miaka yote.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo mbona mikono mitupu?"

Nikayasema maneno ya baba.

Kisu kikasimama. Hakunitazama mimi, alitazama mlango wa kibanda chake. Kisha akayasema na yeye, kama yalivyo, kwa sauti ya mtoto. Sisemi ilifanana na ya mtoto.

Sauti yake ya uzee iliporudi, aliniuliza, "Nani anasema hivyo?"

"Baba yangu. Amejibana nyuma ya kihenge, hali, hanywi."

"Anauliza: Wameondoka? Nitoke?" Akaokota kipande cha muhogo, akakiweka chini tena. "Wakamata watumwa walipotuvamia, mama zetu walituficha wawili wawili ndani ya vihenge. Tulikatazwa kutoka mpaka mama aje mwenyewe aseme."

"Aseme nini?"

Akanipa neno. Lilikuwa moja tu. Akanisemesha mpaka likakaa sawa mdomoni.

"Kihenge changu walikifungua wao," akasema, akaendelea kumenya.

Nikamwuliza lugha hiyo inaitwaje. "Sijui. Nilichukuliwa kabla sijajua kwamba zipo nyingine. Kwetu yalikuwa maneno tu."

Nikarudi na lile neno kama mtu anayebeba kaa la moto kutoka kwa jirani. Niliogopa nikifungua mdomo kwa jingine, litazimika. Wakanisalimia watu wa nchi nzima. "Kamwene!" "Mwangaluka!" "Shikamoo!" Mtani wangu akanifuata na matusi yake mpaka mwisho wa shamba, kisha akaacha, akabaki amesimama kati ya mistari ya mkonge. Sikumjibu hata mmoja. Karibu na Visiga, mwanamke mwenye kuni akatoka njiani, akatua mzigo, akanipisha huku amenipa mgongo, maana kwetu anayepita mchana asijibu salamu si mtu.

Dada aliniona uso, akanipisha. Alikuwa bado na kitambaa mkononi. Nikachuchumaa penye kihenge. Baba akanong'ona swali lake, nikalisema neno.

Akatega sikio. Nikalisema tena, polepole, nikilainisha sauti, kama nilivyodhani mama angelisema.

Ukatoka mkono kwanza. Kisha kichwa. Akatoka mwili wote, mavumbi ya mpunga mabegani, akalipokea bakuli la maji kutoka kwa dada, akanywa mpaka likaisha, akaomba jingine kwa kidole. Dada akalia kwa sauti.

Baba akanishika kifundo cha mkono, akaanza kusema. Alisema mengi, mbio mbio, anatabasamu, na ndani yake mlikuwa na maswali, na baada ya kila moja akinyamaza aningoje. Mimi, niliyeuza chumvi kwa lugha za Uzaramo yote na mipaka yake, nilikuwa na neno moja. Nikalisema tena.

Baba akageuka. Akaelekeza macho nyuma ya kihenge, tabasamu lake liko vile vile, akimngoja na mwenziwe wa mafichoni atoke kwa neno hilo. Na sisi, mimi na dada, tukageuka tukatazama.