Karai la Ekero: Safari ya Kumfuata Kaka Yangu

Niliondoka Voi kwa sababu mama aliniagiza nikamlete kaka yangu nyumbani. Salamu zilitufikia kupitia msafiri mmoja: Mwakio, mpishi wa sukari nguru, ile ya maji ya miwa yanayochemshwa karaini, huko Ekero, ameharibikiwa na akili. Anasahau majina ya wanawe, anafoka bila sababu, na mkono wake wa kulia umelegea. Mama hakulia. Alisema tu, "Nenda ukamlete. Akichekwa, achekwe kwao."

Nikiri mapema kwamba mimi si mtu wa safari. Natengeneza redio, kazi niliyojifundisha kwa kufungua zilizokufa, na redio ikitoka mikononi mwangu na kaukelele kadogo tu, usingizi hunipotea. Begi langu nililipanga, nikalipangua, nikalipanga tena. Kwangu mimi Mwakio alikuwa kama redio: nikipata mahali palipokatika, atarudi vile alivyokuwa. Ndivyo nilivyowaza ndani ya treni hadi Nairobi, na kutoka Nairobi hadi Kisumu.

Kutoka Kisumu basi lilipanda milima ya Maragoli, kwenye mawe makubwa yaliyokaa juu ya mengine kana kwamba mtu ameyapakia. Tulipita Sigalagala, penye chuo cha ufundi, ambako vijana wenye ovaroli walivuka barabara na mbao begani, wakicheka. Kakamega mvua ilitupokea. Kwetu ni kukavu; mtu wa Voi akiona mvua hutafuta beseni aikinge. Wenyeji hata hawakuharakisha hatua.

Ekero nilifika kesho yake mchana. Miwa ilianza ukingoni mwa lami ikaenda hadi mwisho wa macho. Siku hizo biashara ya sukari ilikuwa imeshika moto. Matrekta yalivuta trela zilizofurika, mabati mapya yaling'aa kwenye kila boma, na hewa yenyewe ilikuwa na utamu wa kuungua. Niliona wivu kidogo kwa niaba ya kwetu.

Nabwire, mke wa kaka yangu, alinipokea mlangoni. "Karibu, shemeji. Umefika na jua, Mungu ni mzuri."

Mwakio alikuwa ameketi ndani, amekonda. Aliniangalia kwa adabu, kama mtu anayengoja kujua ninauza nini.

"Kaka, unanikumbuka?"

"Wewe ni… wa kule kwa matrekta?"

Mimi siwezi kuliacha kosa lipite. "Hapana. Fikiria vizuri. Tulilala kitanda kimoja. Jina langu linaanza na…"

Kikombe cha chai kiligonga ukuta juu ya kichwa changu. Nabwire alikiokota, akapangusa ukuta, kisha akaniita nje.

"Shemeji, huyu usimuulizange. Ukimuuliza anaona shimo, anaogopa. Mwambie tu."

Jioni alinionyesha. Alikaa mbele yake na sahani ya ugali na kuku. "Ni mimi, Nabwire, bibi yako. Hii ni obusuma. Hii ni ingokho, ulitaka paja, nimekuwekea. Kula na mkono wa kushoto." Mwakio akala kwa utulivu. Mimi nilikula kuku huyo nikijionea haya.

"Majirani wanasema amerogwa," Nabwire aliniambia. "Wengine wanasema ni pombe, na huyu hanywangi. Kabla umpeleke kwenu, tumpeleke kwanza Kakamega. Kuna daktari mama pale hospitali, wanasema anasikilizanga watu."

Nilikuwa na agizo la mama. Lakini nilikuwa pia na alama ya chai kwenye shati. Nikakubali.

Tulipokuwa tukiondoka, Mzee Wesonga, mwenye kinu alichofanyia kazi Mwakio, mtu ambaye kila "l" kwake ni "r", alisimama njiani. "Nyinyi watu wa Voi, mnaniibia mpishi? Huyu urimi wake ndio mzani wangu!" Alicheka, lakini macho yake hayakucheka.

Kakamega tulifikia mtaa wa Shieywe, kwa dada yake Nabwire, na asubuhi tukaenda hospitali. Daktari Mmbone alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Alipima damu kutafuta malaria na mkojo kutafuta kisukari. Akauliza kuhusu pombe, kuanguka, kifafa. Tumbo? Nabwire akasema linamkata miezi mingi, na choo ni shida. Daktari akanyoosha mkono wa Mwakio, kiganja kikaning'inia. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kuona daktari akifanya. Alisogeza meza ukutani.

"Mwakio, ni asubuhi, uko kazini. Usiniambie kitu. Nionyeshe."

Kaka yangu akasimama. Maneno yalikuwa yamemtoroka, lakini mwili uliijua kazi. Alisukuma makapi ya miwa motoni. Akaengua povu. Akachovya kidole ukingoni mwa karai, akalamba, akatikisa kichwa: bado. Akakoroga. Akachovya tena, akalamba. Daktari hakumkatiza hata wagonjwa walipoanza kuchungulia mlangoni. Mara Mwakio akachuchumaa, akapasua kitu kwa nyundo isiyokuwepo, akamimina kitu kutoka kwenye kopo, akakisawazisha kwa kijiti.

"Hapo anafanya nini?" daktari akauliza.

"Anaziba karai," Nabwire alijibu. "Lilikuwa linavuja. Mafundi wa kulehemu wote wako kwa trela za miwa, hawana nafasi. Akayeyusha betri kuukuu za trekta."

Betri nazijua. Ndani ya betri mna risasi, ile metali laini ya kijivu. Waya wangu wa kulehemea redio una risasi hiyohiyo. Daktari aliinua mdomo wa juu wa Mwakio. Pale fizi inapokutana na meno palikuwa na mstari mwembamba wa bluu. Baadaye aliniruhusu nichungulie darubini: chembe za damu zilikuwa na vitone vidogo.

"Si uchawi wala si wazimu," alisema. "Ni sumu. Miwa inachemkia juu ya risasi, naye anailamba kutwa. Imeingia tumboni, kwenye mishipa ya mkono, imefika kwenye ubongo."

Nilikuwa nimeacha kusikiliza. Ulimi wangu ulikuwa unapapasa fizi zangu. Nikichomea redio, mikono ikijaa, waya ule huushika kwa meno. Nilimwambia daktari kwa kunong'ona. Alicheka.

"Fungua mdomo. Haya, sioni mstari. Tutapima na damu. Hiyo tabia uiache hapahapa Kakamega."

Mwakio akalazwa. Dawa ya kuishika risasi itoke na mkojo iliagizwa Kisumu, ikapitishwa kwa dripu, mkojo ukiangaliwa kila siku ili figo zisiumie. Watoto wake na wafanyakazi wenzake walipimwa. Bwana afya alipofika Ekero, Mzee Wesonga hakubisha. Sukari yote iliyopikwa mle aliifukia shimoni, kisha akachukua shoka mwenyewe.

"Hiri karai ririkuwa ra baba yangu," alisema, akalipasua mbele ya watu wote.

Wiki zilipita. Tumbo la Mwakio lilitulia, hasira zikapungua. Fundi mmoja wa Sigalagala alimtengenezea kishikizo cha ngozi na bati, kiganja kikasimama. Nikamuuliza daktari swali nililokuwa nalo tangu Voi: atarudi vile alivyokuwa?

"Mkono, nadhani. Kichwa, kiasi fulani, na polepole. Sitakudanganya. Dawa hutoa sumu, haiwezi kurudisha kila ilichoharibu. Kinachobaki ni kumpangia siku, ifanane na ya jana, na asiguse risasi tena. Kwenu yuko nani anayejua kufanya hivyo?"

Nilimtazama Nabwire. Alikuwa anapanga nguo za Mwakio kitandani kwa mfuatano wa kuvaliwa, shati likitangulia, huku akizitaja moja moja. Hakuna redio niliyowahi kuitengeneza kwa ustadi ule. Nikajua nitarudi peke yangu.

Siku ya kurudi walinisindikiza hadi stendi. Nilishajifunza, kila asubuhi nilianza kwa kusema, "Ni mimi, Mghanga, mdogo wako." Nilipofungua mdomo kuaga, Mwakio alinitangulia. Aliniwekea mkono wenye kishikizo begani, akasema taratibu, kama mtu anayemhurumia mgonjwa:

"Ni mimi, Mwakio, kaka yako. Unaenda Voi. Usiogope."

Nabwire alicheka hadi akashika mbavu. Mimi nilipanda basi haraka.

Voi, mama alikuwa kwenye stesheni. Aliangalia nyuma yangu, mlango wa behewa ukafungwa. Nikamweleza yote: karai, mstari wa bluu, dripu, mkewe niliyemwacha naye.

"Basi amepona?"

Zamani ningetafuta jibu moja lililo kamili, na ningeteseka kulikosa. Nilimwambia tu alichosema Mwakio pale stendi. Mama akaniomba nirudie. Nikarudia, neno kwa neno.

Sasa waya wangu wa kulehemea unaning'inia kwenye msumari, na kabla ya kula nanawa mikono. Wateja wanasema nimekuwa mzito wa kazi, maana meno siyatumii tena. Kila jioni mama hunijia kibandani, hukaa kwenye kigoda, na kabla hajaniamkia huniambia, "Ni mimi, mama yako."