Usiweke Saini Kidonda Kikiwa Kibichi

Mwanangu, mvua ya masika ikianza kupiga bati, mimi huacha ninachokifanya nikasikiliza. Wajukuu zangu hudhani ni uzee. Kumbe nakumbuka siku moja ya zamani, nilipokuwa nesi kijana hapa Mpanda, nina miguu miwili iliyolingana na sauti ambayo kwaya nzima iliitegemea.

Mpanda ya siku hizo haikuwa hii ya lami na taa. Treni ya Tabora ikiingia stesheni, nusu ya mji ilikwenda kupokea wageni, hata wasio wao. Msimu wa tumbaku, upepo wa jioni ulileta harufu tamu kutoka kwenye mabani ya kukaushia, na uyoga wa porini uliuzwa mlangoni kwa mtu, umefungwa kwenye majani. Mama yangu alikuwa Ikola, anaanika dagaa ufukweni, na dagaa hao ndio walionisomesha mpaka nikavaa gauni jeupe. Nilijiona nimefika. Ujana nao una ulevi wake, hata kwa mtu asiyeonja pombe.

Mwaka ule mvua ilikata barabara ya kwenda ziwani. Vijiji vya mwambao, kuanzia Ikola mpaka Kapalamsenga, vilikuwa na watoto wenye surua, na chanjo zimekaa mjini kwenye friji. Wakubwa wakakodi ndege ndogo ya kampuni moja ya binafsi, na mimi nikachaguliwa kuzisindikiza. Wenzangu walinionea wivu. Nilisuka nywele upya kwa ajili ya kupanda ndege.

Rubani alikuwa kijana wa Tabora, jina lake Edmundi, mpole, mwenye mazoea ya kusalimia kila mtu kiwanjani, hata wanaofyeka nyasi. Nilimkuta anazungumza na msimamizi wa kampuni. Nilikuwa nimesimama karibu na maboksi yangu ya barafu, wala sikujificha, na wao hawakunificha kitu. Edmundi alisema injini ilikuwa inakohoa tangu asubuhi alipokuwa anakuja, akaomba ndege isiruke mpaka fundi aiangalie. Msimamizi akamjibu kwamba fundi yuko mbali, kazi ni ya serikali, na akikataa yeye wapo marubani wengine wenye njaa. Edmundi akanigeukia, akanifunga mkanda kwa mikono yake, akaniuliza kama nimekula.

Tuliruka. Misitu ya Kabungu ilikuwa imejaa maji na kijani, nikafurahi kama mtoto. Halafu injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza. Mwanangu, sijawahi kusikia ukimya kama ule. Mbele yetu kulikuwa na shamba la mahindi, tambarare, pana, na mimi nikajua tutatua pale. Edmundi aliinamisha ndege kuelekea pale, kisha akaiinua tena. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayezungumza na mkewe mezani: "Nesi, kule shambani kuna watoto. Nasogea mbele kidogo. Inama, kumbatia magoti."

Mbele kulikuwa na miti.

Walionitoa walikuwa wakulima wa Kabungu. Walinibeba kwenye kitanda cha kamba mpaka barabarani. Edmundi hawakuhitaji kumharakisha.

Nililala hospitali muda mrefu, mguu umefungwa plasta, mbavu zinaniuma nikipumua. Wachunguzi wa ajali walikuja kutoka Dar es Salaam, watu wa adabu, wakaniuliza nilichokiona na nilichokisikia. Niliwaambia sikumbuki. Nilikuwa nakumbuka kila kitu. Lakini nikifungua mdomo niseme, meno yalikuwa yanagongana, nikaona heri nifunge. Na lipo jambo jingine ambalo nalisema kwa shida hata leo. Nilikuwa namkasirikia yule marehemu. Nililala pale nikiwaza kwamba angetua kwenye mahindi, ningekuwa natembea. Watu wakija kunipa pole wananiambia nishukuru Mungu nimepona, basi nashukuru kwa mdomo, na moyoni nagombana na maiti. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Niliporuhusiwa nilipelekwa kwa Shangazi Pasikalia, dada mkubwa wa marehemu baba yangu, aliyekuwa analima kulekule Kabungu. Shangazi alikuwa mwanamke wa maneno machache na mikono mingi. Alinipa uji kabla sijasema nina njaa, maana mgonjwa haulizwi uji. Ndege yoyote ikipita juu nilikuwa najifunika khanga usoni. Yeye hakunicheka wala hakunibembeleza. Alikuwa anasogeza kigoda chake karibu nami na kuendelea kubangua karanga.

Siku moja akaja bwana kutoka kwenye ile kampuni. Alileta sukari, sabuni na kreti ya soda, akanipa pole kwa maneno mazuri. Akasema ajali haina kinga, yote ni mipango ya Mungu, na kampuni imeona inisaidie haraka bila kunisumbua na mahakama. Akatoa karatasi. Nikaisoma nimelala. Ilisema rubani aliruka kwa ukaidi wake, akiwa amekatazwa kwa sababu ya mawingu, na kwamba mimi nikishapokea msaada huo sitadai tena chochote kwa yeyote. Nilijua ni uongo. Na bado, mwanangu, nilinyoosha mkono kupokea kalamu. Sikuwa na tamaa. Nilikuwa nimechoka. Nilitaka yule bwana aondoke, na ajali iondoke naye.

Shangazi alikuwa mlangoni. Hakuuliza karatasi inasema nini. Alimwambia mgeni kwa upole kwamba mgonjwa wake amekunywa dawa na dawa ile inalevya, na kwao mtu hachumbiwi wala hauzi shamba akiwa amelala kitandani. Kama neno lake ni jema, litakuwa jema hata akisimama. Yule bwana akacheka kidogo, akaahidi kurudi, akaondoka na kalamu yake. Soda aliziacha.

Kabla hajarudi, alikuja mgeni mwingine. Alishuka kwenye treni ya Tabora akiwa na nguo nyeusi na mtoto mgongoni, akapanda lori la tumbaku mpaka kwetu. Alikuwa mjane wa Edmundi, wakimwita Mama Janeti. Alitaka kuona mahali mumewe alipofia, na kumwona mtu aliyekuwa naye. Mjini alikuwa ameshasikia maneno. Wengine walisema mumewe alikuwa mkaidi, wengine wakaongeza pombe, mtu ambaye hata soda alikuwa anamaliza nusu. Aliketi kwenye mkeka, akanipa pole yeye kwanza. Kisha akauliza: "Dada, alisema neno lolote?"

Nikamjibu sikumbuki.

Hakunisukuma. Alimwamsha mtoto, akamnyonyesha, akaomba maji. Mimi nikageukia ukutani.

Shangazi alimwandalia mahali pa kulala, kisha akaja kukaa ukingoni mwa kitanda changu. Sauti yake ilikuwa chini, lakini sijawahi kugombezwa namna ile maishani mwangu.

"Vena," akasema, "mguu wako umefungwa na daktari, utafunguliwa na daktari. Ulimi wako nani kaufunga?"

Nikaanza kulia. Nikamwambia naogopa kupoteza kazi, naogopa kampuni, naogopa kusema kwa sababu nikisema naanguka upya. Nikamwambia na lile la mahindi pia, kwamba nilimkasirikia marehemu. Nilidhani atanishangaa.

"Kukasirika hakumuumizi maiti," akasema. "Kunyamaza kwako kunamzika mara ya pili, na safari hii mkewe anatazama. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Wewe unadhani unaficha ili upone. Utaoza ndani, mwanangu, na plasta ikitoka utakuta mguu umepona na mwenye mguu hayupo."

Asubuhi nilimwita Mama Janeti. Nilimweleza tangu kiwanjani: kukohoa kwa injini, ombi la mumewe, jibu la msimamizi. Meno yaligongana, nikayaacha yagongane. Nilipofika kwenye shamba la mahindi sauti ilikatika, akanishika mkono mpaka ikarudi. Nikamwambia, "Alisema kule shambani kuna watoto."

Mama Janeti akasema, "Ndivyo alivyo." Alisema hivyo, *alivyo*, kama vile mumewe yuko nje anafungua mizigo. Tukalia pamoja, na Shangazi akaenda kukoroga uji.

Watoto wale nao walikuwepo, mwanangu. Walikuwa wanafukuza nyani kwenye mahindi. Ndio waliokimbia kuita wazazi wao. Mmoja wao alikuwa anatuletea kuni wiki ileile, na mimi nilikuwa sijawahi hata kumuuliza jina. Baada ya siku ile nilimuuliza, na nikaona hasira yangu imekosa mahali pa kukaa.

Basi, nilipoweza kusimama na magongo, mimi na Mama Janeti tulikwenda Sumbawanga kwa wakili, mwanamke mmoja mkavu wa maneno lakini mwenye subira. Alitufundisha kitu ambacho nimekishika mpaka leo. Alisema kesi si mahali pa kutoa uchungu. Uchungu tuutoe nyumbani kwa watu wetu, na mahakamani tupeleke yale tuliyoyaona na kuyasikia, bila kuyapamba. Alinipeleka kwanza kwa wale wachunguzi, nikaongeza maelezo yangu, kisha akaifungulia kampuni kesi. Yule bwana wa kampuni aliporudi na karatasi yake, nilimpokea nimekaa kwenye kiti, nikamwelekeza kwa wakili. Sukari yake safari hii hatukuipokea.

Usidhani haki ina mbio. Kesi iliahirishwa, ikaahirishwa tena. Mahindi yalipandwa na kuvunwa, yakapandwa na kuvunwa, Janeti akaanza kutembea, akaanza kusema. Kazini waliokuwa marafiki zangu walinikwepa kidogo, wakaniambia nitafute amani. Zipo siku nilitamani ile kalamu irudi. Siku hizo Mama Janeti alikuwa ananiandikia, au mimi namwandikia, na tulikuwa hatuchoki siku moja. Akilegea huyu, yule anashika.

Siku ya kutoa ushahidi ikafika. Wakili wa kampuni alikuwa mtu mwerevu. Akaniuliza kama mimi ni fundi wa ndege, nikasema hapana. Akainua karatasi, akasema mbele ya jaji, "Uliwaambia wachunguzi hukumbuki. Sasa tukuamini lini, siku ile au leo?"

Nilimtafuta Shangazi kwa macho. Alikuwa benchi la nyuma, amefumba macho kama anasali rozari.

"Siku ile nilikuwa nakumbuka," nikasema. "Sikuwa na nguvu ya kusema. Leo ninayo."

Hakuniuliza tena mengi. Baadaye wataalamu walioifungua ile injini walieleza walichokikuta, na kilikuwa ni kilekile alichokilalamikia Edmundi. Ndipo kampuni ikaomba kumaliza kwa mapatano. Wakili wetu alipomuuliza Mama Janeti anataka nini kwanza, alisema anataka isomwe mahakamani, kwa sauti, kwamba mumewe hakuwa na kosa. Fidia ikafuata baada ya hapo. Haikuwa ndogo, haikuwa kubwa kama watu walivyosimulia vijiweni, nayo ilitusaidia kuishi. Lakini mimi naukumbuka zaidi uso wa yule mama wakati karani anasoma.

Mguu wangu ulibaki mfupi. Safari za vijijini sikuziweza tena, nikahamishiwa kliniki ya watoto, na huko ndiko nilikozeekea kwa furaha. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kwaya nilirudi, ingawa nilikuwa naimba nimekaa. Ndege sikupanda tena, wala sioni aibu. Mama Janeti alipokuwa ananialika Tabora nilikwenda kwa treni, tukala karanga na asali ya kwao mpaka usiku, tukamzungumza Edmundi kama mtu wa nyumbani. Yeye ametangulia, na Shangazi alitangulia zamani. Siku hizi nikiwaota wanakuwa vijana, na mimi natembea sawasawa.

Haya nakwambia kwa sababu najua mtakuja kuumia, nyie. Bodaboda, mabasi, mashine, ndege pia, maana sasa mnapanda ndege kama tulivyokuwa tunapanda treni. Mwanangu, ukiumia, kwanza damu ikauke. Usiweke saini kidonda kikiwa kibichi, hata anayekuletea karatasi akija na sukari na jina la Mungu. Mwambie akungoje usimame, na mtafute anayejua sheria akusomee. Uliyoyaona, yaseme mapema kuliko mimi, kabla wengine hawajakusemea. Usipoweza, sema huwezi, lakini usiseme huyajui. Hasira ikikushika, hata kwa asiyestahili, mpe mtu wako mmoja aisikie. Marehemu mtendee kama mtu asiyeweza kujitetea, kwa sababu ndivyo alivyo. Na usisubiri kurudi ulivyokuwa ndipo uanze kuishi. Hutarudi. Utakuwa mtu mwingine, naye anastahili kula, kuimba na kupendwa.

Nenda basi. Mungu akuvushe barabarani na angani, akupe mtu wa kukaa ukingoni mwa kitanda chako siku ukianguka, na ulimi wenye nguvu siku ukisimama. Uzeeke, mwanangu, uwe na wa kuwasimulia.