Kimya Baina ya Nyimbo

Shemeji yangu alimpiga dada kwa muziki. Sisemi kwa mafumbo. Aliweka kaseti kwanza, akapandisha sauti, akafunga mlango wa chumbani, ndipo akavua mkanda.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Biashara ilifunguliwa, na yeye akawa mtu wa Tunduma, mpakani: anakwenda na mchele, anarudi na sabuni, betri na vitenge. Safari moja alirudi na redio kaseti ya spika mbili, na kaseti yenye picha ya mwimbaji aliyevaa suti nyeupe. Ulikuwa mkusanyiko wa nyimbo zake za zamani, zile ambazo mama zetu walizicheza kabla hatujazaliwa. Sauti ya yule bwana ilikuwa laini, ya kubembeleza. Alimlilia mpenzi aliyeondoka, akamwomba radhi, akaapa hatamwacha tena. Mtaa wetu wa Katandala ulimpenda, na ukampenda shemeji kwa kutuletea.

Mimi nilikuwa nimepanda kutoka kwetu Muze, bondeni, kujifunza ushonaji, nikawa nakaa kwao. Siku ya kwanza niliposikia mkanda chini ya muziki, nilisukuma mlango nikaingia. Shemeji alinishika kichwa akakigongesha kwenye fremu, jino la mbele likakatika. Kisha akarudi kwa dada, na wimbo ulikuwa haujafika hata kwenye kiitikio. Nilimchukia hapo hapo, na chuki hiyo sijaimaliza.

Nilimweleza jirani yetu, mama mjane aliyekuwa na shamba la ulezi Mollo. Alilitazama pengo langu, akasema mwanaume anayemwekea mkewe nyimbo kama zile hapatikani tena, na kwamba mdogo mtu akianza kumwonea dada yake wivu, ndoa imekwisha. Wanaume waliokuwa wakipita barabarani muziki ukilia walicheka, wakasema pale ndani leo kuna raha.

Aliyezikusanya nyimbo hizo alikuwa ameacha kimya baina ya wimbo na wimbo, kiasi cha mtu kuvuta pumzi na kuitoa. Shemeji alikijua kimya hicho. Wimbo ukiisha, mkono mmoja ulibaki juu na mwingine ukamziba dada mdomo. Wimbo mpya ukianza, anaendelea pale alipoachia. Alikuwa amemwambia kwamba akitoa sauti hapo katikati, atammaliza. Dada alimwamini. Mimi pia nilimwamini, maana kufikia wakati huo mkanda ulikuwa umeuachia nafasi mpini wa jembe, na sikio la kushoto la dada lilikuwa halisikii tena.

Asubuhi moja tulikuwa tunachambua mboga. Aliniambia bila kunitazama, "Safari ijayo ataniua. Sitaki nife huku watu wanacheza."

Jumapili moja ya kiangazi, upepo wa baridi ukivuma kama kawaida yetu, yule mjane aliwaita wanawake wa mtaa wamsaidie kupura ulezi. Kazi hiyo kwetu hufanywa kwa pamoja. Mnatandaza masuke uani, mnasimama mistari miwili mkitazamana, kila mtu na fimbo yake. Mstari huu ukiinua, ule unashusha. Anayepoteza mapigo anaweza kumvunja mwenzake vidole. Ndiyo sababu watu hupura kwa wimbo, na pombe huwangoja pembeni.

Siku hiyo hakuna aliyelazimika kuimba. Ng'ambo ya ua wa minyaa, shemeji aliwasha redio. Wanawake walifurahi, wakazipeleka fimbo kwa mapigo ya ule muziki. Nilitupa fimbo yangu nikawaambia anampiga, sikilizeni, anampiga. Aliyekuwa mbele yangu alinikaripia kwamba nitaumiza watu. Niliiokota, nikapiga ulezi huku nalia, kwa sababu nilijua kinachopurwa upande wa pili.

Shemeji hakuwahi kupura ulezi, kwa hiyo kuna jambo hakulijua. Wimbo ukiisha, fimbo zote husimama, na hakuna anayeshusha mpaka mapigo mapya yaanze.

Wimbo wa tatu uliisha. Fimbo zikabaki hewani. Dada akamng'ata ule mkono uliomziba mdomo, akapiga ukelele. "Jamani, ananiua."

Kisha tukasikia mpini ukitua mwilini bila muziki. Kila mwanamke pale uani aliitambua sauti ile, kwa sababu alikuwa akiisikia tangu asubuhi kwenye fimbo yake mwenyewe.

Mjane ndiye aliyetangulia. Hakuniomba radhi. Alipasua ua, utomvu wa minyaa ukimchirizika mikononi, nasi tukamfuata na fimbo zetu. Mlango wa chumbani uling'olewa bawaba. Dada alikuwa sakafuni, gauni limeloa damu kuanzia shingoni, lakini anapumua. Wanawake wawili walimfunga kitenge wakamtoa nje. Jioni ile ile alipanda lori la Muze, na yuko hai mpaka leo.

Waliobaki walipanga mistari miwili, shemeji akiwa katikati. Mstari huu ulipoinua, ule ulishusha. Mwimbaji alikuwa anasifu macho ya mpenzi wake, na fimbo zilimfuata kwa mazoea tu. Shemeji alijikinga kwa mikono mpaka mikono ikakataa kuinuka. Aliita mke wangu, mke wangu. Hakuna aliyepoteza mapigo.

Upande wa kwanza wa kaseti uliisha, kitufe kikaruka, fimbo zikasimama. Shemeji aliinua kichwa, akaniona nimesimama karibu na redio.

"Shemeji," akasema, damu ikimtoka puani, "niitie watu."

Nilitoa kaseti, nikaigeuza upande wa pili, nikapandisha sauti.