Mama Mkwe Juu ya Mkokoteni

Sisi tunaokaa huku chini kabisa Kianda tuna njia moja tu ya kuingia na kutoka. Nyuma yetu kuna ukuta wa watu wenye mbwa, mbele kuna mto, na juu ya mto kulikuwa na kivuko cha makalvati mawili, yale mabomba makubwa ya saruji, yaliyofunikwa kokoto. Boda boda walikipita wakiomba Mungu, mikokoteni ilikipita bila kuomba. Halafu mvua ya masika ikaja kwa hasira, ikabeba kalvati moja, na la pili likabaki limelala upande. Asubuhi tukakuta utepe mwekundu na mweupe umefungwa huku na huku, na kibao cha mbao kimeandikwa NJIA IMEFUNGWA.

Imefungwa, sawa. Sasa sisi tulikuwa tumefungiwa ndani au nje? Nilimuuliza aliyekuwa akipigilia kibao misumari, akaniambia yeye ametumwa kibao tu.

Kufikia jioni utepe wenyewe ulikuwa umeanikwa nepi. Nyingi zilikuwa zangu, na sioni haya kusema, kwa sababu nilikuwa nimetoka kujifungua na kamba yetu ya nguo ilikuwa imeenda na mto. Mama wa mandazi, ambaye wateja wake wote walibaki ng'ambo, alifunga ndoo kwenye kamba, akawa anaituma na mandazi na kuirudisha na pesa. Kanisa letu liligawanyika bila ugomvi wowote: mchungaji na ngoma huku, kwaya na sadaka kule. Jumapili hiyo alihubiri akipiga kelele juu ya maji, na kila alipouliza kama tunasema amina, ng'ambo ilijibu swali lililotangulia.

Vijana wa mtaa nao walianza kazi ya kubeba watu mgongoni, bei kulingana na mwili. Jirani yangu wa Kitui, mwanamke mnene na mwenye maneno, alipoambiwa bei yake aliwauliza, "Kwani mnanivukisha au mnaninunua?"

Mume wangu ni mtu wa mkokoteni. Huchukua mitungi ya maji ng'ambo na kuitembeza mlango hadi mlango. Kivuko kilipofungwa alikosa kazi, akageuka msimamizi wangu. Uji huu mbona mzito? Mtoto mbona amelala hivyo? Wueh! Mtu anayekuja nyumbani usiku akiwa amechoka ni mume mzuri sana, nami nilikuwa sijajua hilo mpaka maji yalipomleta ndani mchana.

Lakini tatizo langu kubwa lilikuwa mama.

Mama alikuwa ametoka nyumbani, huko magharibi, kuja kunitazama na kumwogesha mjukuu wake wa kwanza. Alikuja na unga wa wimbi, ndizi, na kuku jike mwenye mafuta, kuku wa mzazi, ambaye nilikuwa nimemwota tangu uchungu uliponishika. Ila alifikia Laini Saba, ng'ambo ya mto, kwa mama mdogo, si kwangu. Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Si chuki, ni heshima. Na heshima ya namna hiyo inataka nafasi. Kijijini nafasi ipo: huyu anapitia kwenye migomba, yule anapitia ng'ombe wanapolala. Mimi nina chumba kimoja na pazia. Kwa hiyo tulipanga mama awe anakuja mchana mume wangu akiwa na mkokoteni wake, na kuondoka kabla hajarudi. Mpango ulikuwa mzuri. Mto haukuulizwa.

Basi mama, aliyeogopa kubebwa mgongoni maji yakiwa mengi, akawa anakuja kusimama ng'ambo. Nami namwinua mtoto juu, na yeye anapaaza sauti.

"Mfunike utosi!"

"Nimemfunika!"

"Maziwa yanatoka?"

Mtaa mzima ukanigeukia. Mama wa mandazi akanijibia, "Yanatoka, mama, usijali!"

Nilicheka, halafu nikaingia ndani nikalia. Nilikuwa mke wa mtu na sasa mama wa mtu, lakini nilimtaka mama yangu, nimlalie mapajani nimwambie kila kitu kinauma. Na siku zilikuwa zinaisha. Mahindi yalikuwa yanangoja palizi, na ng'ombe alikuwa ameachiwa jirani asiye na subira. Basi lake la kurudi lilikuwa kesho yake. Akipanda bila kumshika mtoto, angemshika mwaka mwingine, mtoto ameshaota meno na anamkimbia kama mgeni.

Siku hiyo ya mwisho mvua ilipumzika na maji yakashuka hadi magotini. Mama akaja na mizigo yake yote na kuku kwenye kikapu. Angevuka mwenyewe, lakini goti lake la kushoto halikubali mawe ya kuteleza. Na wabebaji? Hakuna hata mmoja! Kulikuwa na mpira, vijana wote wamejazana kwenye banda la kuangalia mechi. Mtu mwenye nguvu aliyebaki kando ya mto alikuwa mmoja tu, amekaa juu ya mkokoteni wake, macho chini.

"Si huyu ambebe?" akauliza jirani wa Kitui.

"Huyu hawezi. Ni mkwe wake."

"Ndiyo, mkwe wake! Si ndiye anafaa?"

Nikaanza kueleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Nyinyi watu mna shida, na si ya mto." Halafu akatua macho kwenye mkokoteni. "Na huo je? Huo nao ameuoa?"

Tukapiga kelele ng'ambo kumuuliza mama. Aliupima mkokoteni kwa macho, kisha akatoa hukumu.

"Mkokoteni si mkwe!"

Mume wangu akavuka na mkokoteni mtupu, akasimama ng'ambo ameupa mgongo. Mama akapandishwa na watu wa upande ule, akakaa akitazama nyuma, kikapu mapajani, na juu ya hayo akafungua mwavuli begani ili kati yao kuwe na pazia. Kwa hiyo walikuwa wamepeana migongo, mwavuli katikati, na waliongea kupitia kwangu mimi niliyesimama huku na mtoto mkononi.

"Mwambie avute polepole!"

"Mama anasema polepole!"

"Mwambie nimesikia!"

Wakafika katikati, pale kalvati lilipokuwa. Gurudumu likatumbukia shimoni, mkokoteni ukainama, mwavuli ukaenda zake na maji, na mama akaanza kuteleza mzima mzima pamoja na unga wa wimbi. Mtaa ukapiga yowe. Mume wangu akaachilia mkokoteni, akarudi kinyumenyume amefumba macho, naapa, amefumba kabisa, akampindia mgongo.

"Mwambie apande!"

"Mama, panda!"

Mama akatazama maji, akanitazama mimi, akamtazama mtoto. Akapanda. Akamkumbatia shingo kwa mkono mmoja, wa pili umeshika kikapu cha kuku. Na hapo mgongoni, mdomo ukiwa karibu kugusa sikio la mume wangu, akanipigia mimi kelele ng'ambo:

"Mwambie asikimbie!"

"Mwambie asinikabe!" akajibu mume wangu.

Jirani wa Kitui alikaa chini kwenye tope akicheka.

Alipomtua huku, mume wangu hakugeuka. Alienda moja kwa moja kuokoa mkokoteni wake. Mama akabaki amesimama, maji yanamchuruzika, na nikaona kwamba yeye hachekelei. Alikuwa amevunja kitu alichofundishwa na mama yake, tena mbele ya watu. Akapangusa mikono kwa leso kavu ya jirani, taratibu, akainyoosha.

"Lete mtoto."

Akamshika. Akamnusa utosini, akafumba macho, na mtoto wangu aliyekuwa analia tangu asubuhi akanyamaza. Mimi ndiye niliyeshika zamu ya kulia.

Tulipoingia ndani mama akaniambia jambo kama lile haliachwi hivihivi, lazima kitu kitolewe. Akanipa kikapu. "Mwambie mumeo kuku huyu ni wake."

"Mama! Kuku wangu?"

"Wewe kwani ulimbeba nani?"

Nikampelekea mume wangu kuku huku nimenuna. Akampokea, akanishukuru kwa adabu, akaenda naye nyuma ya nyumba. Mama alimwogesha mtoto, akamkanda, akamwimbia, na mimi nikalala usingizi wa kwanza wa maana. Nilipoamka kulikuwa na harufu ya supu, na mtu anakohoa nje ya pazia la mlango.

"Mwambie mama, mzazi ale," akasema mume wangu, na mkono wake ukasukuma sufuria ndani na bakuli mbili zilizojaa.

Mama akachukua yake, akakoroga, akaacha. Juu ya nyama kulikuwa na firigisi. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba, mwanamume. Mama alikuwa amepika kuku maisha yake yote na kuwapelekea wanaume firigisi kwenye sahani, na hakuwahi kuwekewa yeye.

Akaitazama mpaka supu ikaanza kupoa. Akanigeukia, akasema, "Mwambie..." Lakini mimi nilikuwa nanyonyesha, na mdomo umejaa nyama.

Basi akageuka mwenyewe kuelekea pazia.

"Asante, mwanangu," akasema.

Nje nikasikia mume wangu akipenga kamasi, kwa nguvu, mara moja, na kuanza kusukuma mkokoteni wake kuelekea mtoni, amsubiri mama pale, amvushe.