Munkoyo wa Mama Kapinga

Harufu ya munkoyo hunirudisha Élisabethville ya Wabelgiji, mji wa utoto wangu, upesi kuliko picha yoyote. Ni harufu ya uji wa mahindi uliopoa, ukatiwa mizizi, ukaachwa kwenye ndoo mpaka uwe mwepesi na mtamu. Sisi watoto wa komini ya Kenya, mtaa wa watu weusi mjini humo, tuliunywa kabla ya kwenda shule, na nyumbani kwetu sheria yake tuliijua kama tulivyojua sala ya chakula: munkoyo wa leo ni chakula, munkoyo uliolala ni pombe. Aliyetunga sheria hiyo ni baba yangu, mchungaji wa misheni ya Kiprotestanti, mtu mrefu, mkavu, aliyecheka kwa shida kama mtu anayeng'olewa jino. Hakupenda dansi, hakupenda gitaa, hakupenda wanawake waliopaka midomo rangi. Mshiriki aliyekutwa na munkoyo uliolala alisomwa jina lake Jumapili mbele ya watu wote, akahamia benchi la nyuma, wala hakuigusa Meza ya Bwana mpaka atubu kwa sauti.

Mama Kapinga, mjane kutoka jimbo la Kasai, alikuwa amekaa kwenye benchi hilo muda mrefu hata watu wakaliona ni lake. Mumewe alifia kazini kwenye reli, naye akawalea wanawe kwa kuuza munkoyo uani, na wanaume walioujaza ua huo hawakufuata ule mtamu wa asubuhi. Hakuacha kupika, hakutubu, na hakukosa ibada. Aliimba kutoka kule nyuma kwa sauti iliyoifunika kwaya, na nadhani jambo hilo lilimkera Baba kuliko pombe yenyewe.

Mwaka ambao Wabelgiji waliwaruhusu wanaume weusi kupiga kura kuchagua madiwani wa komini, Baba alitangaza kwamba atagombea. Alitaka kitu kimoja tu, kufunga mabaa na nyua zote za pombe za Kenya. Misionari wetu hakufurahi. Alimpa ruhusa, lakini akamwambia mbele ya mama yangu kwamba mchungaji akipata doa lolote, hata dogo, ataacha mimbari na nyumba. Nyumba yetu ilikuwa ya misheni, ya matofali, yenye bomba la maji uani na mpera uliozaa mpaka matawi yakainama. Mama alikuwa mjamzito. Tangu siku ile akawa mtu wa kushtuka. Baiskeli ikisimama nje, aliacha mwiko ndani ya sufuria na kusikiliza.

Shida ni kwamba wapiga kura wa Kenya walikuwa uani kwa Mama Kapinga. Kila mgombea alipita pale, na pale palikuwa na desturi yao. Mgeni mwenye neno hasikilizwi kabla ya kunywa. Mwenye nyumba huonja kwanza, kuonyesha hakuna sumu, kisha humpa mgeni kikopo kilekile. Ukikikataa, umemwita mchawi mbele za watu. Ukikinywa, huwezi tena kuidhuru nyumba hiyo.

"Baba Rebeka, uombe akupatie ya leo," Mama alimsihi Jumamosi ile, akimfunga vifungo vya shati kama mtoto.

"Siwezi kuingia kwa muntu na kumuchagulia kikopo yake."

"Basi usiende."

"Kiisha nani atanichagua?"

Mama alinivuta akanivalisha gauni la Jumapili, akanituma nifuatane naye, kwa kuwa mwanamume aliyeshikana mkono na bintiye hakai sana mahali pa pombe. Njiani kiganja cha Baba kilikuwa kimeloa jasho, nami niliogopa zaidi kwa sababu sikuwahi kujua kwamba yeye naye huogopa.

Tulipoingia, mtu alizima gramafoni. Wanaume walimtazama kuanzia viatu mpaka kola, na wengine, waliowahi kusomwa majina, wakatabasamu vibaya.

"Karibu, Pasteri," alisema Mama Kapinga. "Unakuja kuomba kura kwa nyumba unataka kufunga?"

"Siwezi kubadanganya, Mama. Ndiyo."

Walicheka, ila mzee mmoja alisema, "Huyu hata bongo hajui kusema," yaani hata uongo, na nikahisi ua umelegea kidogo. Mama Kapinga aliingia ndani, akarudi na kikopo cha bati chenye maua mekundu. Alipiga magoti, akaonja, akakinyoosha kwa Baba. Niliwaza bomba letu, niliwaza mpera, nikamwomba Mungu akijaalie kikopo kianguke. Yule mama alibaki magotini, kikopo amekinyoosha vilevile. Baba aliuachia mkono wangu. Alikipokea kwa mikono miwili, akanywa mpaka mwisho.

Uso wake ulibadilika. Alimtazama Mama Kapinga, naye akainamisha macho. Mimi nilidhani ni dhambi inamchoma koo. Kisha akazungumza na wale wanaume, juu ya mifereji, juu ya shule, juu ya polisi waliowapiga watu mitaani, na habari ya kufunga nyua hakuigusa.

Nyumbani alisema, "Nimekunywa," na Mama akakaa chini kwenye ngazi.

Kesho yake kanisa lilijaa hata madirishani. Baba alisoma majina ya waliotengwa kama kawaida. Mwishoni akasoma jina lake, lote, na la babu yake, kwa sauti ileile. Misionari aliinuka nusu kwenye kiti. Ndipo Mama Kapinga aliposimama kule nyuma.

"Pasteri, hapana! Ile ilikuwa ya leo! Niliipika jana asubuhi, juu yako, usivunje sheria yako. Hata mutoto angekunywa!"

Watu walipumua kwa pamoja. Mama alinishika bega kwa nguvu, na nikaona anaanza kucheka kwa machozi. Tulikuwa tumeokoka.

"Najua, Mama," Baba alijibu, akimwinamishia kichwa. "Nilisikia ile sukari mu kinywa. Lakini pale nilikamata kikopo, nilikuwa naamini iko pombe."

Alishuka mimbarini, akapita katikati ya watu, akakaa kwenye benchi la nyuma. Mama Kapinga alisogea kumpa nafasi.

Nyumba ya misheni tuliiacha, na mdogo wangu alizaliwa mtaa mwingine, Katuba, katika chumba cha kupanga kilichovuja. Baba alichaguliwa, na ua wa Mama Kapinga haukufungwa. Angeweza kutubu na kurudishiwa mimbari, lakini alitakiwa aseme kwamba anajutia kikopo kile, na hilo hakulisema mpaka tulipomzika. Mama alimsamehe mapema kuliko mimi. Mimi nilikuwa na hasira naye miaka mingi, kwa ajili ya bomba na mpera, na kwa ajili ya Mama kubeba ndoo na tumbo lile.

Leo naishi mtaa wa Hewa Bora, na kila uchaguzi wachungaji hupita barabarani kwetu na vipaza sauti, picha zao zikiwa zimebandikwa hata kwenye ukuta wangu. Wakishutumiwa, huleta watu wa kuapa kwamba hawakufanya kitu, na wengine huenda ni kweli. Nawasikiliza mpaka mwisho. Kisha namkumbuka mama yule aliyesimama mbele ya kanisa zima akasema kweli kwa ajili ya baba yangu, na baba yangu akamshukuru kwa kichwa, akaenda kukaa karibu naye.