Bi Merle na Dume la Rangi Tatu

Bi Merle Haddrick hakuwa mtu wa kukosea. Si mimi ninayesema. Alisema mwenyewe, kila asubuhi saa tatu, redioni, ile redio ya kubonyeza kitufe na kuzungumza, na mashamba ishirini na saba ya ng'ombe yakimsikiliza kutoka Queensland ya magharibi mpaka kule ambako ramani huishiwa na majina.

Saa hiyo wanaume waliiita saa ya kasuku. Daktari akishamaliza kuwaagizia wagonjwa dawa kwa namba za chupa za sanduku la dawa la kila shamba, na opareta wa kituo akishasoma simu za maandishi, wanawake waliachiwa redio nusu saa wapige soga. Wanaume walibeza, lakini ungewakuta wamesimama mlangoni wanafunga kamba za buti dakika kumi nzima, kana kwamba buti zenyewe zina matundu mia. Walikuwa wanasubiri paka wa Bi Merle.

Kila siku alifungua soga kwa swali moja, na swali lilikuwa la paka. Jibu lilitoka kesho yake, hata ungelia. "Ni wanyama gani hutembea kwa kuinua miguu miwili ya upande mmoja, halafu miwili ya upande wa pili?" Siku hiyo mashamba mazima yalisimama. Bi Dulcie Vogt, mwanamke mwenye sauti ya kuita ng'ombe bila redio, alishinda akimfuata paka wake uani na daftari mkononi. Jibu: ngamia, twiga na paka. Bi Merle akijisikia mkarimu aliongeza jambo la bure: kwamba pweza ana mioyo mitatu, au kwamba Wamisri wa kale walinyoa nyusi paka wao akifa. Yote aliyatoa kwenye bati la biskuti lililojaa vipande vya magazeti alivyokata tangu usichana.

Bi Dulcie alikwishajaribu mara mbili kumkosoa. Mara zote mbili alirudi mkono mtupu, na Bi Merle hakumwacha asahau. Kwa miaka kumi na moja walikuwa wakichokozana hivyo, na hawakuwahi kuonana uso kwa uso. Kati yao palikuwa na maili mia moja na sitini za vumbi jekundu.

Watu walidhani Bi Merle anapenda paka tu. Kweli aliwapenda, lakini kisa chake ni kirefu zaidi. Alipoolewa na Athol, fundi wa pampu za upepo, mwaka wa thelathini na nne, redio haikuwapo. Athol alikuwa akiondoka wiki tatu, nne, kukagua visima. Mwaka ule wa kwanza Merle alikaa wiki kumi na tatu bila kusikia sauti ya mwanamke mwenzake. Alizungumza na paka wa jikoni, mzee mmoja aliyeitwa Kanali, mpaka ikawa Kanali akimwona anafungua kinywa tu, anatoka nje.

"Kama si Kanali," aliwahi kumwambia Athol, "ningaliongea na ukuta. Na ukuta ungalinijibu."

Ndiyo maana, mwaka wa sitini na moja, alikuwa na wasiwasi na Wirrabin.

Wirrabin lilikuwa shamba la mbali kuliko yote, na mke wa pale alikuwa mgeni. Jina lake Lorna Pascoe, binti wa miaka ishirini na miwili aliyekulia Brisbane, ghorofani, juu ya duka la viatu. Mumewe, Des, alikuwa mtu mwema, lakini wakati wa kukusanya ng'ombe mtu mwema na mtu mbaya wote hawalali nyumbani. Kila asubuhi opareta aliita majina: "Wirrabin, upo?" Na Lorna alibonyeza kitufe mara mbili bila kusema neno. Ta, ta. Maana yake: nipo, sina la kusema. Kwa miezi mitano hakuna aliyewahi kumsikia sauti.

"Mwacheni, ana haya," alisema Bi Dulcie. "Mimi nilipokuja nilikuwa hivyo hivyo."

"Wewe, Dulcie?" Bi Merle alimjibu. "Wewe ulizaliwa unabisha."

Halafu, mwezi wa Agosti, hata ile ta, ta ikakoma. Siku ya kwanza Bi Merle alisema betri. Siku ya nne aliacha kusema betri. Usiniulize kwa nini alikosa usingizi; kila mwanamke wa upande ule alimjua kwa habari yule mke wa msimamizi wa shamba moja, miaka ya nyuma, aliyetoka kwenda kuanua nguo, akaipita kamba, akaendelea kutembea. Walimpata siku ya tatu. Jambo hilo halikuzungumzwa redioni kamwe.

Ilipofika siku ya tisa, Bi Merle alitia mkono katika bati na kutoa lolote lililokuja. Aliona uvivu hata wa kuuliza swali. Alisoma tu: "Paka wa rangi tatu, nyeusi, nyeupe na ya chungwa, siku zote ni jike. Siku zote. Dume wa rangi tatu hajazaliwa."

Redio ilikwaruza. Kisha ikatoka sauti nyembamba, kavu, ya mtu ambaye koo lake limekaa bila kazi.

"Si kweli. Wangu ni dume."

"Nani mwenzetu?" aliuliza opareta.

"Wirrabin. Nimempakata hapa. Ana rangi zote tatu na jina lake ni Clarrie. Ni dume."

Weee! Hewa ilichafuka. Wanawake sita walibonyeza vitufe kwa pamoja, kikawa kishindo kitupu, na aliyeshinda alikuwa Bi Dulcie, kama kawaida.

"Merle! Umesikia? Umekosea! Miaka kumi na moja, leo umekosea!"

"Sijakosea," alisema Bi Merle. Angeweza kulia kwa furaha pale pale. Lakini alijua akianza kumbembeleza binti yule atarudi shimoni kwake. Kwa hiyo akamchokoza. "Mwanangu Lorna, una hakika? Umemtazama vizuri, au umemwangalia masharubu tu?"

"Nimemtazama," alisema Lorna. Halafu, kwa ukali kidogo: "Nina macho."

Ikakatwa shauri kwamba Col Tranter, rubani wa ndege ya barua, ambaye angetua Wirrabin Jumanne, amkague Clarrie kwa niaba ya jamii nzima. Siku tatu zilizobaki Lorna alizungumza kila asubuhi. Maneno machache, yote ya kumtetea paka wake, lakini alizungumza.

Jumanne alasiri Col alitua kwa akina Haddrick, kituo chake cha mwisho. Alikunywa chai kikombe cha kwanza. Cha pili pia.

"Haya, toa," alisema Bi Merle.

"Ni jike, Bi Merle. Tena ana mimba. Ana manyoya marefu, ndiyo maana binti wa watu hakuona, lakini mimi nimeshika tumbo lenyewe."

"Nilijua!" Bi Merle alipiga meza. "Nilijua! Ngoja kesho nimsikie Dulcie." Kisha akamwona Col anatazama kikombe. "Mbona hivyo? Ulimwambia?"

"Nilimwambia ni dume."

"Col!"

"Ungekuwa wewe ungesemaje? Alikuja kunipokea uwanjani, kavaa viatu, kachana nywele. Mwezi uliopita mifuko ya barua niliining'iniza langoni, hata mlango haukufunguliwa. Leo ameoka. Ameongea mpaka nikaogopa jua litanitupa mkono. Ameniambia, 'Bwana Tranter, nimemshinda Bi Merle, si ndiyo?' Akanitazama. Ulimi wa kusema kweli ukanifia."

Bi Merle aliinuka akaenda kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

Athol, mtu wa maneno machache, alisubiri Col aende kufunga ndege yake. "Ukimwambia ni jike, atanyamaza," alisema. "Usipomwambia, paka atazaa, na atajua mmemfanya mtoto mbele ya nchi nzima. Mmemchimbia shimo, bibie."

"Najua. Na mimi nimo humo humo ndani."

Asubuhi ya Jumatano alikaa mbele ya redio. Alikuwa na jibu sahihi, shahidi, na Dulcie anayesubiri. Mtu mwenye fahari kama yake, kumwambia akiri kosa ambalo hakulifanya ni sawa na kumwambia avue nguo kanisani. Akabonyeza kitufe.

"Rubani amekagua. Ni dume. Nilikosea."

Shangwe ya Bi Dulcie ilisikika, wanasema, hata na watu wasio na redio. Na haikuisha siku hiyo. Kila Bi Merle aliposoma kitu, kwamba paka hutoka jasho nyayoni, kwamba ana mifupa mingi kumpita binadamu, Dulcie aliuliza kwa upole wa kuudhi: "Hilo ni la kweli, Bi Merle, au ni la kwako?" Wanawake walicheka. Bi Merle alimeza. Kisha alisikiliza, chini ya kicheko chao, kicheko kingine kipya kinachokwaruza.

Maana Lorna alikuwa ameshika kasi. Aliuliza namna ya kuzuia sisimizi wasiingie kwenye sukari. Alisimulia wimbo wa mpishi wao mlevi. Zaidi ya yote alileta habari za Clarrie.

"Siku hizi amenenepa, jamani. Anatembea kama meya."

"Mpunguzie maziwa," alisema mmoja.

"Ah, wanaume ndivyo walivyo," alisema Bi Dulcie. "Wakishapata kwao, huota kitambi."

Usiku Bi Merle alihesabu wiki kwa vidole.

Alhamisi moja ya mwezi wa Septemba, opareta aliita majina kama kawaida. "Wirrabin, upo?"

Kimya. Akaita tena. Kimya. Bi Merle alishika ukingo wa meza. Athol, ambaye alikuwa mlangoni akifunga buti, aliacha kufunga.

"Nipo," ilisema sauti. Haikuwa na mzaha. "Clarrie amezaa. Wanne."

Hata Bi Dulcie, kwa mara ya kwanza tangu redio iletwe nchi hii, hakusema kitu.

"Bi Merle. Ulijua?"

Angeweza kumsukumia Col lawama. Col mwenyewe alikwishamwambia afanye hivyo. "Nilijua," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu Jumanne ya ndege."

"Ukakubali Bi Dulcie akucheke mwezi mzima?"

"Wiki tatu na siku moja," alisema Bi Merle, ambaye hakupenda hesabu za kukadiria. "Nisamehe, mwanangu. Nilitaka tu uendelee kuongea."

Redio za aina ile, mtu akishikilia kitufe chake, hakuna mwingine anayeweza kuingia. Lorna alishikilia chake. Walimsikia anavuta pumzi, na saa ya jikoni kwake ikigonga. Kisha akaanza, na hakuachia.

Alisema kwamba zile siku tisa alikuwa amefunga sanduku lake. Hakuwa na gari, na barabara kuu ilikuwa maili tisini. Alijua ni maili tisini. Alilitoa sanduku akaliweka mlangoni, akavaa kofia, na kila alipolikaribia Clarrie alikuwa amelala juu yake. Alimshusha, akapanda. Alimshusha, akapanda. Siku ya tisa alikaa chini sakafuni kulia, akawasha redio ili kilio chake kisisikike na wavulana wa jikoni, na ndipo aliposikia mwanamke mmoja anasema, kwa kujiamini kupita kiasi, kwamba paka kama wake hajazaliwa.

"Nikakasirika," alisema Lorna. "Sikuwa nimekasirika siku nyingi. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu hukasirika." Akacheka, au akalia; vitu hivyo viwili kwenye redio hulingana. "Nisamehe na mimi, Bi Merle. Ulikuwa sahihi. Katika wanne kuna dume mmoja, mweusi mtupu. Nimemkagua mara mbili. Nimemwita Merle."

Akaachia kitufe. Bi Merle alikuwa amefunika uso kwa aproni. Athol alikuwa amemshika bega.

Aliyejibu alikuwa Dulcie, kwa sauti ya chini ambayo hatukujua kwamba anayo. "Lorna, mama, huyo dume usimpe mtu. Nakuja kumchukua akishaacha kunyonya. Kwanza nakuja kumwona. Jumamosi. Na ninampitia yule bibi mjuaji njiani."

Akampitia kweli. Walisafiri siku moja na nusu katika lori, wakibishana tangu lango la kwanza, na ilipofika maili ya mia na ishirini wakaishiwa na ubishi wakaanza kuimba. Lorna alikuwa langoni, amevaa viatu, sanduku la mbao mikononi, na Clarrie akimfuata nyuma kuhakikisha wanawe hawaibiwi.

Bi Merle alishuka. Alikuwa ameandaa maneno njia nzima. Miaka kumi na moja alisema na mashamba ishirini na saba bila kukwama, na sasa mbele ya binti mmoja mwenye vumbi usoni hakupata hata moja.

"Nilidhani wewe ni mrefu," alisema Lorna.

"Hata mimi nilidhani," alisema Dulcie.

Bi Merle alimkumbatia binti yule, pamoja na sanduku, na paka wanne ndani yake wakalia.